Sikio la Ataa bin Abi Rabah

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wangu, walimu wangu, wazee wangu, mama zangu mlioko upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana mliojibanza nguzoni kama kawaida yenu. Niliombwa nizungumze juu ya wapokezi wa mwanzo wa hadithi, na najua wengi mmekuja mkimtarajia Imam Bukhari. Lakini hebu tupige hesabu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifariki mwaka 11 wa Hijria. Bukhari kazaliwa mwaka 194. Hapo katikati pana miaka 183, na hadithi haikuvuka miaka hiyo kwa miguu yake. Ilivushwa na watu, sikio kwa ulimi, ulimi kwa sikio. Leo nimekuja na mmoja wa wavushaji hao.

Kwanza niwapeleke barazani. Sote tunamjua yule mzee ambaye kijana akianza tu kusimulia, anamkata: "Ah, hiyo naijua!" Kisha anaichukua hadithi ile mdomoni mwa kijana na kuimalizia mwenyewe, tena kwa makosa. Kijana hunywea. Siku nyingine akiwa na jipya, halileti pale.

Sasa msikilizeni mzee wa Makka, mtu aliyewadiriki maswahaba na kusoma kwao, anasema: "Kijana hunisimulia hadithi nami nikamsikiliza kana kwamba sijapata kuisikia, na hali niliisikia kabla yeye hajazaliwa."

Huyo ndiye Ataa bin Abi Rabah.

Ataa alizaliwa Janad, nchi ya Yemen, katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman, akakulia Makka. Alikuwa katika mawali, yaani watu wa asili ya utumwa walioachwa huru wakabaki wameegemea ukoo wa waliowaacha. Yeye ukoo wake wa kuegemea ulikuwa Banu Fihri, Makureshi. Abu Daud, mwenye Sunan, anatueleza kwamba baba yake alikuwa Mnubi, na kazi yake ilikuwa kusuka vikapu. Mtoto wa msusi wa vikapu, basi. Kisha wanazuoni wa wasifu wanamwelezea Ataa mwenyewe, na hawafichi kitu: mweusi, chongo, pua bapa, amepooza mkono, kiguru. Mkono wake mmoja ulikatwa katika vita vya Ibn Zubayr, vile vilivyoisha mwaka 73 kwa Makka kuzingirwa. Uzeeni akapofuka na jicho lililobaki.

Mtu huuliza, wameyaandika yote haya kwa nini? Kwa kumdharau? Mimi naona sivyo. Watu wa fani hii walikuwa wakimwandika mpokezi kama mtu anayeandika hati ya kumtambulisha: huyu ni nani, mwana wa nani, alama zake ni zipi, asije akachanganywa na Ataa mwingine. Maana wako akina Ataa kadhaa katika hadithi. Yuko Ataa bin Yasar wa Madina, yuko Ataa bin as-Saib wa Kufa, yuko Ataa al-Khurasani. Ukiwachanganya, umeharibu. Chongo na mguu vikaandikwa kama alama. Vilipofika kwenye mizani ya ukweli na uhifadhi wake, havikuwekwa. Kile kilichowekwa kwenye mizani nitakuja kukisema baadaye, na kipo kilichompunguzia uzito. Msidhani nimekuja kumsifu tu.

Imepokewa kwamba watu wa Makka walipomzonga Ibn Abbas kwa maswali, aliwaambia: "Mnakusanyika kwangu, enyi watu wa Makka, na hali mnaye Ataa?" Ibn Abbas, binamu yake Mtume, bahari ya elimu ya tafsiri, ndiye anayesema hayo. Zama za Banu Umayya, msimu wa hija, mpiga mbiu alikuwa akiamrishwa atangaze kwamba watu wasipewe fatwa na mtu ila Ataa. Mahujaji wametoka Iraki, Shamu, Misri na Khurasani. Wakiuliza huyo mufti yuko wapi, wanaonyeshwa msikitini. Ibn Jurayj, mwanafunzi wake, anasema msikiti ulikuwa ndio kitanda cha Ataa kwa miaka 20.

Kuna kisa mashuhuri, na wengi mmekisikia. Khalifa Sulaiman bin Abdulmalik alimwendea Ataa pamoja na wanawe wawili. Wakamkuta anasali, wakakaa wakamngoja. Alipomaliza wakawa wanamuuliza mambo ya hija, naye akiwajibu huku amewageuzia mgongo. Walipoinuka, khalifa akawaambia wanawe: wanangu, msilegee katika kutafuta elimu, kwani mimi sitasahau tulivyodhalilika mbele ya mtumwa huyu mweusi.

Wahadhiri hukipenda sana kisa hiki, na mimi nilikipenda, mpaka siku nilipokisoma taratibu. Tazameni neno lake la mwisho. Khalifa amejifunza umuhimu wa elimu, sawa. Lakini bado mwalimu wake ni "mtumwa mweusi", na kukaa mbele yake bado ni kudhalilika. Kimemwingia nusu. Na tena mwenye kukinukuu ni Ibrahim al-Harbi, aliyefariki mwaka 285. Toka kufa kwa Ataa mpaka kufa kwake ni zaidi ya miaka 170. Kwa hiyo nakisimulia, lakini siweki mkono wangu juu yake.

Na kipo kingine kitamu zaidi ya hicho. Ati Zuhri, mwanazuoni mkubwa wa hadithi, aliingia kwa khalifa Abdulmalik bin Marwan, akaulizwa: Makka umemwacha nani anawaongoza watu? Akajibu, Ataa. Mwarabu au katika mawali? Katika mawali. Na Yemen? Tawus. Naye? Katika mawali. Misri, Yazid bin Abi Habib. Shamu, Makhul. Basra, Hasan. Kila mji jibu ni hilo hilo, mawali, mpaka walipofika Kufa likatajwa jina la Ibrahim an-Nakhai, Mwarabu, khalifa akashusha pumzi. Kisa kimepangwa vizuri mno, na huo ndio wasiwasi wake. Imam Dhahabi, mwandishi wa wasifu za wapokezi, alipokifikia alisema wazi: kisa hiki ni munkar, yaani cha kukataliwa, na mpokezi wake, Walid bin Muhammad, ni dhaifu. Yumkini, anasema, kilitokea na mmoja wa wana wa Abdulmalik. Mnaona? Dhahabi anampenda Ataa, kamwandikia wasifu wa fahari, na kisa chenyewe kinamsifu Ataa. Bado akakipiga muhuri wa udhaifu. Ukweli wa majina yale haukanushiki, kwamba wengi wa mafaqihi wa zama zile walikuwa mawali. Lakini mazungumzo yale, kwa njia ile, hayakuthibiti.

Basi tuyaache ya majumba ya makhalifa. Njooni kwenye yaliyothibiti.

Katika Sahih Bukhari, kwenye kitabu cha wagonjwa, Ataa anasema: Ibn Abbas aliniambia, "Je, nisikuonyeshe mwanamke katika watu wa Peponi?" Nikasema, nionyeshe. Akasema: "Mwanamke huyu mweusi. Alimwendea Mtume akamwambia: mimi huanguka kifafa, na huwa nafunuka, niombee kwa Mwenyezi Mungu. Mtume akamwambia: ukitaka, subiri nawe utapata Pepo, na ukitaka, nitamwomba Mwenyezi Mungu akuponye. Akasema: nitasubiri." Kisha akaongeza: lakini mimi hufunuka, basi niombee nisiwe nafunuka. Mtume akamwombea.

Hadithi hii tunaitaja misibani na hospitalini, na tunakwenda moja kwa moja kwenye subira. Leo naomba tusimame kidogo mlangoni kwake. Nani anaonyeshwa? Ataa. Kijana mweusi, kiguru, mwana wa msusi wa vikapu, anaambiwa: unamwona yule? Na anayeonyeshwa ni mwanamke mweusi, mgonjwa wa kifafa, ambaye huenda watu walikuwa wakimpita tu. Ibn Abbas angeweza kumwonyesha mtu yeyote Makka nzima. Kwa nini alimchagua yule kumwonyesha huyu, hadithi haikusema, nami sitaitia maneno kinywani.

Lakini Bukhari hakuishia hapo. Akaleta njia ya pili, kutoka kwa Ibn Jurayj: Ataa alimpa habari kwamba alimwona Ummu Zufar, yule mwanamke mrefu, mweusi, penye pazia la Al-Kaaba. Basi. Hilo tu. Njia ile ya kwanza imetupa maneno ya Mtume. Hii ya pili imetupa jina, kimo, na mahali aliposimama. Ningekuwa mimi nakusanya hadithi, pengine ningeiacha hiyo ya pili nikaona haina hukumu ndani yake. Bukhari hakuiacha.

Sasa huyu Ibn Jurayj. Jina lake Abdulmalik bin Abdulaziz bin Jurayj, naye vilevile wa mawali, asili yake Rumi. Anasimulia alivyokwenda kwa Ataa akiitaka elimu hii. Akamkuta pale Abdullah bin Ubayd bin Umayr, naye Abdullah akamuuliza: umesoma Qurani? La. Nenda kasome kisha urudi. Akaenda muda, akarudi. Umesoma mirathi? La. Nenda kasome kisha urudi. Akaenda, akarudi. Hapo ndipo akaambiwa: sasa itafute elimu. Akakaa na Ataa miaka 17 au 18.

Na Ibn Jurayj alikuwa msumbufu! Msumbufu wa kheri, lakini msumbufu. Liwali wa Makka, Ibn Hisham, alipowakataza wanawake kutufu pamoja na wanaume, Ataa alisema: vipi anawazuia, na hali wakeze Mtume walitufu pamoja na wanaume? Wanafunzi wengi hapo wangetikisa kichwa na kuandika. Ibn Jurayj akarusha swali: baada ya amri ya hijabu au kabla yake? Ataa: naapa kwa umri wangu, nimelidiriki hilo baada ya hijabu. Ibn Jurayj: sasa walikuwa wakichanganyikaje na wanaume? Ataa: hawakuwa wakichanganyika; Aisha alikuwa akitufu kando, mbali na wanaume. Kisha mzee akaanza kukumbuka. Akasema: mimi na Ubayd bin Umayr tulikuwa tukimwendea Aisha alipokuwa akikaa mlimani Thabir. Ibn Jurayj hakumwacha avute pumzi: na sitara yake ilikuwa nini? Ataa: alikuwa ndani ya hema la Kituruki lenye pazia, hapakuwa na kingine baina yetu naye. "Nami nikamwona amevaa kanzu ya rangi ya waridi."

Mama zangu, kanzu ya Bibi Aisha ya rangi ya waridi, tumeipata kwa sababu kijana mmoja hakuacha kuuliza na mzee mmoja hakuchoka kuulizwa. Katika mapokezi ya Abdurrazzaq, mwanafunzi wa Ibn Jurayj, limeongezwa neno: "nami nilikuwa mtoto". Kwa hiyo alipoiona nguo ile alikuwa angali mdogo. Akaihifadhi mpaka mvi.

Ukifungua Musannaf, mkusanyo wa mapokezi wa huyo Abdurrazzaq wa Sanaa, aliyefariki mwaka 211, utayakuta maswali ya Ibn Jurayj kwa Ataa kurasa kwa kurasa. "Nikamwambia Ataa." "Ataa akasema." "Nikasema: je, kama..." Na pahala pengi Ataa anajibu kwa rai yake tu, hataji hadithi wala swahaba, akitaja, anataja kwa kipimo. Kuna mtafiti wa Kijerumani, Harald Motzki, asiyekuwa Mwislamu, aliyeyachambua mapokezi hayo moja moja, akahoji hivi: mtu anayetunga uongo na kumbandika mwalimu wake, kwa nini aandike mashaka ya mwalimu huyo, na maswali yaliyokosa majibu, na pahala mwanafunzi alipokhitalifiana na mwalimu? Mzushi husafisha. Hapa hapajasafishwa. Akaona hiyo ni dalili ya ukweli. Wazee wetu walilijua hilo kwa njia yao, lakini si vibaya jirani naye akakwambia kwamba nyumba yako ina msingi.

Abdulaziz bin Rufay anasema Ataa aliulizwa jambo akajibu: sijui. Akaambiwa, basi si useme kwa rai yako? Akasema: namwonea haya Mwenyezi Mungu, duniani pafuatwe rai yangu. Mnaweza kuniambia: mbona sasa hivi umetwambia alikuwa akijibu kwa rai? Kweli. Yote mawili yamepokewa. Mtu aliyekuwa mufti kwa miongo ya miaka hakuwa na siku moja tu, wala jibu moja.

Na sasa lile nililowaahidi, la kwenye mizani.

Katika elimu ya hadithi kuna kinachoitwa mursal. Taabii, yaani aliyewakuta maswahaba wala hakumkuta Mtume, anaposema moja kwa moja "Mtume amesema" bila kumtaja aliyemwambia, hiyo ni mursal. Kiungo kimoja cha mnyororo hakionekani. Pengine kilikuwa swahaba, na swahaba hatuna shaka naye. Pengine kilikuwa taabii mwenzake, na huyo lazima tumjue. Yahya bin Said al-Qattan, mkaguzi asiyemstahi mtu, alisema: mursal za Mujahid, taabii mwenzake, nazipenda mbali kuliko mursal za Ataa, Ataa alikuwa akichukua kwa kila namna ya watu. Na Imam Ahmad alisema hakuna mursal dhaifu zaidi ya za Hasan na za Ataa, kwani wao walikuwa wakichukua kwa kila mtu.

Rudini sasa barazani nilikoanzia. Mzee anayemsikiliza kijana kana kwamba hajapata kuisikia hadithi ile. Sikio lisilomfungia mtu mlango. Tabia ile ile tuliyoisifu mwanzo, tukatamani wazee wetu wawe nayo, ndiyo hii hii wakaguzi wanaisimamisha mbele yake na kusema: hapa, ewe Ataa, sikio lako lilikuwa wazi mno. Adabu yake na aibu yake zimetoka tundu moja. Sijaona kwa mwingine jambo hili likiwa dhahiri namna hii.

Na wakaguzi wale hawakumtupa. Pale Ataa anapomtaja aliyemwambia, akasema nimemsikia Ibn Abbas, nimemsikia Jabir bin Abdillah, nimemsikia Aisha, hadithi zake zimo katika Bukhari na Muslim, hazina mjadala. Kwa kuwa Ataa alisikiliza kila mtu, ikabidi mwingine akae karibu yake aulize mlangoni: hii umeisikia kwa nani? Ndiyo kazi ya Ibn Jurayj. Naye alikuwa akisema: nikisema "Ataa amesema", basi mimi nimemsikia, hata kama sikutamka neno "nimemsikia".

Imam Abu Hanifa naye alimfikia Ataa, akasema hakuona katika aliokutana nao aliye bora kumliko. Mara ya kwanza Ataa alimuuliza: watoka wapi? Kufa. Akamwambia: katika watu wa mji ule walioigawa dini yao wakawa makundi? Abu Hanifa akakiri. Na wewe ni wa kundi gani? Akasema: mimi ni wa wale wasiowatukana waliotangulia, wanaoamini kadari, na wasiomkufurisha mtu kwa dhambi. Ataa akamwambia: umejua, basi shikamana. Hata mgeni wa siku hiyo hiyo aliulizwa na akasikilizwa mpaka mwisho.

Nasi wa pwani hii tuna uzi wetu humu. Ibn Jurayj alimsomesha Muslim bin Khalid, mufti wa Makka aliyeitwa az-Zanji. Msikimbilie kusema ni wa huku kwetu. Wanazuoni wengine wamesema alikuwa mweupe wa wekundu, na jina lile aliitwa kwa kinyume chake, utani wa watu. Muslim bin Khalid ndiye aliyemsomesha fiqhi kijana mmoja Makka, akampa ruhusa ya kutoa fatwa angali barobaro. Kijana huyo ni Muhammad bin Idris ash-Shafii. Basi kila chuo cha Kishafii kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Unguja na Ngazija, mtoto anapofunguliwa kitabu cha fiqhi kwa mara ya kwanza, katika waalimu wa waalimu zake yumo mwana wa msusi wa vikapu.

Ataa alifariki mwaka 114 wa Hijria, sawa na 732 Miladia, na wengine wamesema 115. Ibn Jurayj anasema alipokwisha kuzeeka na kudhoofika, alikuwa akisimama katika sala akisoma aya 200 za Surat al-Baqara, akiwa wima, bila kutikisika. Mguu ule ule.

Nami nilikuwa na mengi zaidi, ila jua linaniangalia dirishani na Magharibi haiko mbali. Yule kijana wa nguzo ya pili ameinua mkono tangu nilipotaja kanzu ya waridi. Haya, mwanangu, uliza. Na ukitaka kujua nimeyatoa wapi, uliza na hilo pia.